Ukipanda Mti, Panda na Hesabu Yake

Kila msimu wa mvua simu yangu hujaa picha za watu wakipanda miti. Utaona mheshimiwa ameinama na jembe jipya, wanafunzi wamejipanga foleni, na fulana zenye nembo za kila rangi. Miezi sita baadaye hakuna anayetuma picha ya mti ule ule. Mara nyingi ni kwa sababu haupo. Mbuzi alikula, ama jua lilichoma, ama hakukuwa na mtu mwenye sababu ya kuubebea maji.

Nchi yetu imejiwekea lengo la kukuza miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Lengo zuri. Lakini wacha niseme ninavyoona, na najua si wote mtakubaliana nami: mazingira hayatarudi kwa picha wala kwa hotuba. Yatarudi pale mtu wa kawaida atakapopata shilingi halali kwa kuyatunza, shilingi hiyo ikaingia kwa wakati, na kila mwanachama akaona imeingia. Kupanda mti ni nusu ya kazi. Nusu ile nyingine ni hesabu, na hapo ndipo vikundi vingi huanguka.

Nasema hivi kwa sababu chetu kilianguka.

Miche elfu tatu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kikundi cha watu 22 kando ya mkono wa bahari, kaunti ya Kilifi. Kazi yetu ilikuwa kitalu cha mikoko. Tuliokota zile mbegu ndefu zinazoning'inia kama penseli, tukazipanda kwenye mifuko ya matope, tukazilinda na kaa, kisha tukawauzia watu waliokuwa wakirudisha mikoko sehemu zilizokatwa. Biashara ilianza vizuri. Wanunuzi walikuja, wakalipa, wakarudi.

Pesa zilikuwa zinaingia kwenye laini ya mweka hazina wetu, mama mmoja muuza samaki ambaye sote tulimwamini, na bado namwamini. Laini ilikuwa moja. Pesa za samaki, pesa za miche, karo ya watoto, zote ndani ya simu moja. Katibu naye alikuwa na daftari lake, lakini aliandika siku akikumbuka.

Kisha mama akaugua ghafla, akalazwa. Familia yake ilitumia pesa zilizokuwa kwenye simu kulipa hospitali, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Wangejuaje ni zipi za samaki na ni zipi za kikundi? Alipopona tukaitisha mkutano. Yeye alikumbuka kikundi kilikuwa na 61,000. Daftari la katibu lilisema 84,000. Kuna mzee aliapa kuwa ni laki moja na zaidi.

Hakuna aliyeiba. Lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba hakuiba. Watu wakaacha kwenda zamu, kwanza wawili, kisha watano. Ndani ya miezi miwili miche elfu tatu ilikauka, kwa sababu tu hatukujua nani alikuwa na shilingi ngapi. Hadi leo yule mama akiniona sokoni huanza kujieleza kabla hata hatujasalimiana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulipoteza mali, tukapoteza mikoko, tukapoteza na ujirani.

Gazi walifanya nini ambacho sisi hatukufanya

Sasa twende kusini, kaunti ya Kwale, kwenye ghuba ya Gazi. Huko kuna mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Ulianza mwaka 2013, na ndio mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza kaboni inayotokana na mikoko. Eneo lenyewe si kubwa, hekta 117 tu.

Biashara yenyewe iko hivi. Mti unavuta hewa ya kaboni na kuiweka kwenye shina na mizizi. Mkoko una faida ya ziada: matope yake hayana hewa ya kutosha, kwa hiyo majani na mizizi iliyokufa haiozi haraka, na kaboni inakaa humo chini miaka na miaka. Ndiyo maana hekta moja ya mikoko hushika kaboni mara kadhaa kuliko hekta moja ya msitu wa bara. Kaboni hiyo inapimwa, inakaguliwa na watu wa nje, kisha kampuni na watu wanaotaka kufidia moshi wao wananunua. Pesa zinarudi kijijini.

Na zikirudi zinafanya nini? Hili ndilo la kujifunza. Kuna kamati iliyochaguliwa na wanakijiji, na matumizi yanajadiliwa barazani. Pesa zimeingia kwenye maji ya kijiji, vitabu na ukarabati wa shule. Mama anayechota maji kwenye bomba la kijiji hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa mikoko. Akimwona mtu na shoka anauliza maswali mwenyewe.

Pia hawakujidanganya kwamba watu wataacha kukata miti kwa sababu wameambiwa. Pwani tumejenga kwa boriti na fito tangu enzi za mababu, na jiko halizimwi kwa semina. Kwa hiyo walipanda mivinje ya kuni na ya kujengea, ili msitu upumzike. Akina mama wa Gazi nao wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, mgeni analipa kidogo, anatembea, anaelezwa, na anaweza kuagiza chakula cha Kiswahili. Mkoko ule ule unaleta pesa mara mbili na bado umesimama.

Mwaka 2019 majirani zao wa Vanga, mpakani na Tanzania, walianza mradi wao kwa mfano huo huo, kwenye hekta 460. Wakenya tukiona kitu kinalipa tunakiiga bila kubembelezwa. Tatizo letu ni kuwa mara nyingi tunaiga sehemu ya kuuza na kuacha sehemu ya baraza.

Kipepeo aliyeokoa msitu

Mfano mwingine uko Gede, Kilifi. Pale kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wakulima wengi zamani walitaka msitu ugawanywe mashamba. Huwezi kuwalaumu. Ndovu walikula mahindi yao, nyani wakamalizia, na msitu haukuwapa hata thumni. Ukiwaambia kwamba ndani mna ndege na wanyama wadogo wasiopatikana kwingi duniani, wanakuuliza, sasa tule ndege?

Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo. Mkulima anakamata vipepeo wachache wa kike msituni, wanataga mayai nyumbani kwake kwenye kibanda cha neti, viwavi wanalishwa majani ya miti ile ile ya msituni, na wakishajifunga ndani ya ganda wanauzwa nje kwa mabustani ya maonyesho ya vipepeo. Biashara ya haraka kweli kweli, maana kipepeo hamsubiri mtu wa ndege: siku chache tu anatoka kwenye ganda, na akitoka njiani umepoteza.

Angalia jinsi biashara hii ilivyofungwa na msitu. Hakuna msitu, hakuna kipepeo mama. Hakuna majani, hakuna chakula cha kiwavi. Mkulima akipanda miti ya majani hayo shambani kwake, anapunguza gharama zake na anarudisha mimea ya asili kwa pamoja. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha biashara inayorudisha mazingira: faida inapopanda, msitu unapanda nayo. Faida ikipanda huku msitu unashuka, hiyo ni biashara ya kawaida iliyopakwa rangi ya kijani.

Hata kwenye mawe

Kuna wanaosema, haya ni ya watu wenye msitu tayari, sisi kwetu ni vumbi. Basi mfikirie Bamburi, Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hadi kikaacha shimo jeupe lisilo na udongo, lenye maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu miti humo. Mingi ilikufa. Mvinje ukavumilia. Lakini majani yake makavu yalikuwa hayaozi, yakarundikana tu, mpaka wakaletwa majongoo. Ndiyo, jongoo yule yule tunayemruka barabarani. Wakayatafuna majani, wakatengeneza udongo, na miti mingine ikapata pa kushika. Leo tunapajua kama Haller Park, watu wanalipa kiingilio kuona twiga na viboko pale palipokuwa shimo.

Somo langu hapo si kwamba kila mtu atafute majongoo. Ni kwamba ardhi hairudi kwa mti mmoja uliopandwa kwa wingi. Inarudi kwa vitu vingi vinavyotegemeana. Kwa hiyo ukiona mtu amejaza mikaratusi kando ya mto na kuita hiyo misitu, mwulize maji ya mto yameenda wapi. Hata baharini ni hivyo: Kenya ina aina tisa za mikoko, na kila mmoja una mahali pake. Mlilana unasimama mbele kabisa unapopigwa na mawimbi, mkandaa unakaa nyuma, na mchu unavumilia hata pale chumvi imezidi. Vikundi vingi hupanda mkoko peke yake kila mahali kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuokota. Halafu inakufa, na tunasema bahari ni mbaya.

Tupige hesabu bila kudanganyana

Tuseme kikundi cha watu kumi kinaanzisha kitalu cha miche 2,000 ya miti ya asili na matunda. Bei hizi ni za mfano tu, weka za kwenu.

Mbegu, mifuko, samadi na maji: tuseme shilingi 12 kwa kila mche. Jumla 24,000. Miche 600 inakufa ama inakosa mnunuzi. Mnabaki na 1,400, mnauza kwa shilingi 30, mnapata 42,000. Faida ni 18,000. Gawa kwa watu kumi, kila mmoja 1,800. Kama ilichukua miezi sita, hiyo ni shilingi 300 kwa mwezi.

Umevunjika moyo? Heri uvunjike moyo sasa kuliko mwezi wa sita. Hii ndiyo hesabu ambayo watu wa fulana hawawaonyeshi. Lakini iangalie tena. Mkitunza vizuri mkapoteza miche 200 peke yake, mnauza 1,800, mnapata 54,000, na faida inaruka hadi 30,000. Maana yake mtu wa zamu ya maji ndiye anayewaletea pesa kuliko anayetafuta wafadhili.

Sasa upande wa pili. Rudi kwenye ile faida ya 18,000. Mtu mmoja mkubwa akichukua miche 500 kwa deni na asilipe, hizo ni 15,000. Mmebaki na 3,000. Mdaiwa mmoja amekula karibu faida yote ya watu kumi. Ndiyo sababu nasema malipo si jambo dogo la mwisho wa biashara. Mche ukitoka kitaluni, pesa iwe imeingia, ama angalau nusu yake.

Na kitalu peke yake hakitoshi. Wanaoendelea ni wale wanaochanganya: mizinga michache ya nyuki karibu na msitu, asali kwenye chupa za nusu kilo, wageni wakipatikana, miche msimu wa mvua. Nyuki naye anachavusha miti yenu na mashamba ya jirani bila kuwadai. Ila kama msitu ni wa serikali, pitieni chama cha jamii cha misitu cha eneo lenu na ofisi ya misitu kwanza, kabla hamjatundika mzinga.

Mambo matano ya pesa

Haya ndiyo ningewaambia wenzangu 21 kama ningeweza kurudisha siku nyuma.

1. Laini ya kikundi isiwe laini ya mtu. Hata kama mweka hazina ni malaika, malaika naye huugua. Chukueni Till ama Paybill ya kikundi, au akaunti ya kikundi ya simu ambayo pesa haitoki mpaka maafisa wengine waidhinishe. Afisa mmoja akilazwa ama akisafiri, kazi inaendelea.

2. PIN ni ya mtu mmoja, hata ndani ya kikundi. Usimpe katibu "ashike tu kwa sasa". Mkibadilisha afisa, badilisheni na ruhusa zake siku hiyo hiyo.

3. Tenganisheni mapato. Uzuri wa Paybill ni kwamba anayelipa anaweka jina ama namba ya akaunti. Anayenunua miche aandike MICHE, wa asali aandike ASALI. Mwisho wa mwezi mtajua ni nini kinawalisha na ni nini mnachokifanya kwa mazoea.

4. Someni taarifa ya miamala mbele ya wote. Ipakueni kila mwezi, mtu mmoja aisome kwa sauti mkutanoni, iingie na bei ya kila kitu kilichotoka. Mwanachama asiyejua kusoma anajua kusikia. Dakika kumi hizo zinaokoa urafiki wa miaka.

5. Pesa taslimu iingizwe siku hiyo hiyo. Noti iliyolala kwenye leso haina ushahidi. Iliyoingia kwenye akaunti ina tarehe, saa na jina, na kesho mkiomba mkopo wa tangi la maji, hiyo historia ndiyo itawasemea.

Wanaokuja na mkoba

Siwezi kumaliza bila kugusa hili, kwa sababu neno "kaboni" limekuwa tamu sana vijijini na matapeli wamelisikia. Anakuja mtu na mkoba na tableti, anasema miti yenu itawaletea dola, lakini kwanza kila mmoja atume ada ya usajili kwa namba hii. Usitume. Mnunuzi wa kweli ndiye anayetumia pesa kupima msitu wenu kabla ya kununua. Na kaboni haipatikani kwa mti uliopandwa juzi. Inachukua miaka ya kukua na ya kukaguliwa.

Halafu jueni haki yenu. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, na sasa mradi wa kaboni wa ardhi lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka. Kwa miradi isiyo ya ardhi ni asilimia 25. Ulizeni asilimia hiyo inahesabiwa kabla ama baada ya kutoa gharama, gharama hizo ni zipi, na nani anazikagua. Someni mkataba barazani kwa lugha mnayoielewa. Mtu akisema sahihi inahitajika leo leo, mwambie arudi na wakili.

Kuna wanaopinga biashara hii yote wakisema mazingira ni amana ya Mungu, si bidhaa, na wageni wananunua ruhusa ya kuendelea kutoa moshi. Nawaelewa, na hoja ya moshi ina uzito. Lakini msitu wetu umekuwa na bei siku zote. Gunia la makaa lina bei. Boriti ina bei. Kitu pekee ambacho hakikuwa na bei ni mti uliosimama, ndiyo maana ulianguka. Mimi sioni dhambi ya mama wa Gazi kulipwa kwa mti kusimama. Dhambi ningeiona kama alinde msitu miaka kumi, halafu pesa iishie kwenye simu ya mtu mmoja.

Kwa hiyo msimu huu, kabla hamjachimba shimo la kwanza, kaeni chini ya mti wowote uliobaki, mjibu maswali matatu. Nani atautunza huu mche mwezi wa nne wa kiangazi? Nani atalipa, na ataulipia nini? Na pesa ikiingia, ni watu wangapi watapata ujumbe?

Jibu la swali la mwisho likiwa "mmoja", ahirisheni kupanda. Rekebisheni hilo kwanza. Mvua itarudi, na mbegu haziendi popote.